Mdimu wa Kulazwa Ndani

Majani ya mdimu wa Mwanne yaliacha kulitazama jua wiki ya pili ya mwezi wa sita.

Aligundua asubuhi, alipoinama kuinua ndoo ili autoe mti uani. Mti ukikaa chumbani huegemea dirishani. Hilo hata asiyewahi kushika jembe analijua. Ndiyo maana kila jioni, akishauingiza, Mwanne huizungusha ndoo kidogo ili mti usikue upande mmoja. Sasa dirisha la sebule lilikuwa mashariki, na majani yote yalikuwa yamegeukia upande wa pili, kwenye mlango wa chumba alimolala binti yake, Yasmini. Mwanne akaguna, akaizungusha ndoo, akaitoa nje. Kesho yake yalikuwa yamegeukia kule kule.

"Siku hizi una kiburi huu mti," alimwambia Yasmini wakinywa chai. "Nauelekeza huku, wenyewe unataka kule."

"Labda umenipenda mimi," Yasmini akasema, akacheka, mkono juu ya tumbo.

Lilikuwa tumbo la miezi minane, na kicheko hicho Mwanne alikuwa amekisubiri miaka minne. Yasmini alikuwa ameolewa Kaliua na Twalibu, fundi wa pikipiki, kijana mpole asiye na neno na mtu. Mimba mbili za mwanzo zilitoka, zote zikiwa na miezi sita, zote zikianza na maumivu saa ya magharibi. Ya tatu ilipoingia, Mwanne hakutaka majadiliano. Alipanda treni mwenyewe, akamleta bintiye Tabora, kwenye nyumba ya kuta nene za udongo aliyoachiwa na baba yake mtaa wa Gongoni, akamwambia, "Hutoki hapa mpaka nimshike mjukuu wangu."

Mwanne alikuwa mjane na fundi cherehani, na tuseme kweli, alikuwa na majivuno yake. Alijivunia mambo mawili. La kwanza ni malezi: baba yake alikuwa mwalimu wa chuo, na nusu ya watu wazima wa Gongoni walijifunza kusoma Kurani barazani kwake, wakila bakora zake. La pili ni ule mdimu. Mdimu wa kwanza, alioupanda uani, mbuzi wa jirani waliula mpaka kisiki siku moja tu alipokwenda harusini. Wa pili akaupanda kwenye ndoo ya rangi ya lita ishirini, akaitoboa chini kwa msumari wa moto, akachanganya udongo na mchanga na samadi ya mbuzi wale wale, maana alisema lazima walipe. Asubuhi baridi ikipungua anautoa uani uote jua. Magharibi anauingiza sebuleni, kwa sababu ya mbuzi, na kwa sababu ya upepo wa kipupwe ambao Tabora haumhurumii mtu wala mti. Maua yakitoka, kwa kuwa ndani hamna nyuki, anayapitia moja moja na pamba iliyozungushiwa njiti ya kiberiti. Majirani walimtania. Ikiadhiniwa magharibi utamsikia mtu anapaza sauti nyuma ya ukuta: "Mama Yasmini, mtoto umeshamlaza?"

"Nimemlaza, na nyie walazeni wenu," naye hujibu.

Mwezi wa tatu, mimba ikiwa na miezi mitano, maumivu yale yale yalimwanza Yasmini, saa ile ile. Mwanne alimpeleka kliniki, akapewa dawa na kuambiwa apumzike. Kisha akamwita Shehe Sabiri. Huyu alikuwa mzee mkimya, mwanafunzi wa zamani wa baba yake, asiyesomea watu kwa kelele wala kudai kuku mweusi. Aliandika kombe kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaiosha kwa maji ya waridi. Nusu Yasmini akanywa. Nusu ikachanganywa na maji, naye akaoga akiwa amesimama ndani ya beseni, tone lisianguke chini.

"Aliyokunywa ni dawa," Shehe alimwambia Mwanne. "Haya aliyoogea si dawa tena. Yamebeba kilichokuwa juu yake. Yapeleke njia panda kabla jua halijazama, uyamwage, urudi."

Mwanne akaitikia. Akalibeba beseni mpaka mlangoni, akasimama. Njia panda ya karibu ni ile ya mashine ya kusaga, ambapo punda hukojoa na bodaboda hupita kutwa nzima. Na ndani ya maji yale yalikuwamo maneno ya Mwenyezi Mungu, bado yana rangi ya zafarani. Baba yake aliwafundisha kwa bakora kwamba maji yaliyooshea maandiko hayamwagwi panapokanyagwa. Humwagwa shinani mwa mti. Kwa maji ya ubao wa chuo na ya sahani ya kombe, baba alisema kweli. Kwa maji aliyoogea mgonjwa, hakuwahi kuulizwa. Mwanne alitazama huku na huku, akarudi uani, akayamimina yote kwenye ndoo ya mdimu, polepole, mpaka beseni likakauka. Shehe alipomuuliza kama ameyamwaga, alijibu ameyamwaga, na hakuona kama amesema uongo.

Maumivu yalikoma siku ile ile. Mwezi wa sita wa mimba ukapita salama, Mwanne akachinja jogoo akala na majirani. Mdimu nao ukachanua, ua moja tu, chini kwenye shina, na kabla hajaleta pamba ua likawa limeshafunga tunda.

Sasa wiki ile majani yalipogeuka, nesi wa kliniki alipima tumbo la Yasmini kwa utepe, akatazama kadi, akapima tena. Namba ilikuwa ile ile ya wiki mbili nyuma. Akasema pengine mtoto amekaa vibaya, Yasmini ale vizuri, warudi baada ya wiki. Mwanne akamlisha maini, mchicha, maziwa, mpaka mwenyewe akaomba apumzishwe. Wiki ilipokwisha utepe ulisema vile vile. Nyumbani, ile ndimu moja, ambayo mwezi wa tano ilikuwa na ukubwa wa goroli, ilikuwa imefika yai, kisha ikapita yai. Mwanne aliyaona mambo yote mawili, na kila alipoanza kuyaweka pamoja kichwani aliinuka akatafuta kazi ya kufanya.

Kazi hazikumsaidia. Siku zote alikuwa anamwagilia kwa kipimo chake: anachomeka kidole, udongo ukiwa mkavu mpaka pingili ya pili ndipo anatia maji, maana mdimu ukilewa maji huoza mizizi. Mara mbili kwa wiki ilitosha. Sasa udongo ulikuwa mkavu kila alasiri. Jioni moja alitia kopo zima, akainama kuokota jani lililoanguka, akasikia. Ilikuwa sauti ndogo inayotoka kwenye udongo, ya kuvuta na kumeza, kuvuta na kumeza, na kila baada ya mikupuo mitatu minne kulikuwa na pumzi. Mwanne alikuwa amenyonyesha, na amekaa na wazazi wengi mtaani; hakuhitaji kuambiwa ile ni sauti ya nini. Akalitupa kopo, akaenda kukaa jikoni mpaka adhana.

Ilipoadhiniwa akaubeba. Ndiyo, aliubeba, kwani ungefanyaje? Mbuzi walikuwa wanazunguka. Ndoo ilikuwa nzito kupita udongo na maji yake, na pale ilipomgusa kifuani kulikuwa na joto, joto la mtoto aliyeshiba akalala begani. Mti haukuwa na ua hata moja, lakini sebule nzima ilinuka maua ya mdimu, na chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine, ya vumbi la njiani na maziwa yaliyochachia kwenye nguo.

"Mama," Yasmini alisema kwa sauti ya chini, akiwa kwenye mkeka. "Ukiuingiza huo mti, mtoto ananyamaza."

"Ananyamaza vipi?"

"Anaacha kucheza. Kimya. Mpaka asubuhi uutoe."

"Watoto nao hulala, mwanangu."

"Mimba ya kwanza alinyamaza hivi hivi." Yasmini aliutazama mlango kana kwamba kuna mtu anasikiliza. "Mama, tuuache nje leo."

"Mbuzi wataula."

"Na uliwe."

Mwanne akaitua ndoo sebuleni. Mti ukalala ndani na usiku ule, kama usiku wa nyuma yake.

Alhamisi kulikuwa na msiba mtaa wa pili, na Mwanne, ambaye hakuna msiba anaoukosa, alichelewa huko kwenye kuosha vyombo. Alirudi imeshaadhiniwa isha. Akapitia uani kwa mazoea, na kitu cha kwanza alichokiona ni mbuzi wa jirani, wanne, wamejibana kwenye kona ya ukuta vichwa vikiwa pamoja, hawatafuni, hawalii. Kisha akaona kwamba ndoo haikuwa karibu na karo alipoiacha asubuhi. Kutoka pale kwenye karo, kupita katikati ya ua, palikuwa na mkwaruzo kwenye vumbi, mpana kama kitako cha ndoo, usio na nyayo za mtu kando yake, ukienda moja kwa moja mpaka mlango wa nyuma wa nyumba yake mwenyewe, na hapo mlangoni mdimu ulikuwa umejibandika, matawi yote yamelala bapa juu ya mbao kama vidole vinavyopapasa, na kijitawi kimoja cha chini kilikuwa kimepenya kwenye upenyo juu ya kizingiti, kikaingia ndani, kikawa kinatikisika, ingawa jioni ile hapakuwa na upepo hata wa kuzima kiberiti. Na kutoka ndani alikuwa anamsikia mwanawe anaguna.

Alizunguka mbio akaingia kwa mlango wa mbele. Yasmini alikuwa amepiga magoti sakafuni, kanga imelowa, damu imeshuka mpaka kwenye kifundo cha mguu, na tumbo lake lilikuwa limekakamaa na kuchongoka upande mmoja tu, upande wa mlango wa uani, kana kwamba kilichomo ndani kinaitwa kutoka nje na hakina njia nyingine ya kwenda.

"Nimeuacha makusudi," alinong'ona. "Nimepiga komeo. Mama, usifungue. Usifungue, mama, nakuomba."

Mwanne alimtazama mtoto wake, akatazama damu. Akafungua. Akaukumbatia ule mti akauvuta ndani, miiba yake ikimchana mikono, na ndoo ilipovuka kizingiti tumbo la Yasmini lililegea, likarudi mahali pake, damu ikakata, na majani yakatulia. Mwanne alikaa sakafuni katikati yao, huku binti, huku mdimu, mpaka alfajiri. Yasmini, kwa uchovu, alilala palepale, naye mama yake alimhesabia pumzi.

Kulipopambazuka alimwita Shehe Sabiri. Mzee alimsalimu Yasmini chumbani, akamwombea dua, kisha akaenda sebuleni akachuchumaa mbele ya ndoo. Aliishika ile ndimu kwa vidole viwili, kama mtu anayetafuta mshipa mkononi mwa mgonjwa. Alikaa hivyo kitambo. Aliponyanyuka alikuwa na jasho, na asubuhi ile kulikuwa na baridi kali. Akamwashiria Mwanne watoke uani.

"Inadunda," alisema polepole. "Yale maji uliyamwaga wapi?"

Mwanne alitazama chini.

"Mwanne," akamwita kwa jina, kama zamani alipokuwa kitoto cha mwalimu wake. "Yale maji."

"Kwenye mdimu, shehe. Niliona vibaya. Maneno ya Mungu yakanyagwe na punda?"

"Maneno ya Mungu hayachafuliwi na punda." Alifumba macho. "Sikutaka uyahifadhi. Nilitaka lipate njia liende."

"Lipate njia nini?"

"Jini la njiani. Hapa petu yapo tangu enzi za misafara. Mwanamke aliyezaa njiani hakusubiriwa, Mwanne. Alinyanyuka na mzigo wake, na aliyeshindwa kubeba viwili, mzigo wa tajiri ndio uliobebwa, mtoto akaachwa. Hili limekulia hapo, kwa hao walioachwa vumbini, likashika tabia zao. Linachotaka ni kubebwa. Likiona tumbo limembeba mwingine, linaingia kugombea nafasi. Njia panda lingefuata wapita njia, likaenda zake. Wewe umelipa shina. Umelinywesha. Na kila magharibi, saa ile majini yote yanapotafuta mlango, umelibeba mwenyewe ukaliingiza ndani ukalilaza."

Mwanne aligeukia mlango. "Tuuchome."

"Likikosa shina litarudi kwenye tumbo linalolijua."

"Basi niupeleke porini niuache huko."

"Jana mti umekaa nje muda gani? Saa mbili? Umeona mwenyewe."

"Sasa mwanangu atazaa nini, shehe?" Alisema hivyo akaanza kulia, kwa kanga mdomoni ili Yasmini asisikie. "Niambie. Ndimu inanenepa, mtoto anakonda. Atazaa nini?"

Shehe alimwacha alie. Kisha akasema kwamba jini lile halimjui Yasmini tena kama linavyoijua mikono ya Mwanne. Aubebe mti, aondoke nao leo hii, wafike mbali kabla ya magharibi. Huko aendako autoe asubuhi na auingize jioni, bila kukosa siku, kwani likibebwa halitatafuta pengine. Na Yasmini, na atakayezaliwa, wasiingie kamwe chini ya paa moja na ule mti.

"Mpaka lini?"

"Mpaka mmoja wenu atangulie. Omba mti ndio utangulie; ukizeeka ukafa wenyewe, nalo limekwisha." Akamshika bega. "Na Yasmini umwambie. Usiondoke bila kumwambia."

"Nitamwambia," Mwanne akasema.

Hakumwambia. Alisimama mlangoni pa chumba na maneno yote mdomoni, akamwona binti yake amejilaza ubavu, uso umemsinyaa, na angeanzaje kusema kwamba yeye, mtoto wa mwalimu, aliyejua adabu ya kila kitu, ndiye aliyeiweka ile balaa sebuleni kwa mikono yake? Aibu ilimshinda. Akasema amepata tenda ya kushona sare za shule, kijijini Puge, ya haraka. Jirani atakuja kulala hapa. Twalibu ameshapigiwa simu, anakuja.

"Leo?" Yasmini aliinuka kwa kiwiko. "Baada ya jana? Mama, nimebakiza wiki tatu."

"Nitarudi."

"Na mti unaupeleka wapi?"

"Nani ataumwagilia hapa?"

Yasmini akageukia ukutani. Mwanne alitoka na ndoo kifuani, na hilo lilimuuma kuliko miiba.

Kwenye basi la Nzega kondakta alitaka ndoo iende kwenye buti. "Huyu habebwi kwenye buti," Mwanne alimjibu, na kondakta alipoiangalia ile ndimu na kumwangalia na yeye, akaachana naye. Alishuka Puge jua likiwa bado liko juu. Kulikuwa na mama mmoja wa pale, Nyamizi, mkulima wa mpunga ambaye Mwanne alizoea kumshonea magauni. Alimpa chumba kimoja chenye mlango unaofungukia barabarani. Usiku ule ndimu ilianza kunywea. Siku ya ishirini na moja ilianguka, nyepesi, kavu, ndani hamna kitu, na saa hiyo hiyo simu ililia. Alikuwa Twalibu, anacheka na kulia. Mtoto wa kike. Kilo tatu kamili, manesi wenyewe wanashangaa. Kazaliwa Ijumaa, wamemwita Mwanajuma.

Mwanne alisujudu kwenye sakafu ya udongo, akamshukuru Mungu kwa sauti, akalia kwa furaha mpaka Nyamizi akaja kuuliza kama kuna msiba. Kisha jua likashuka, akatoka akaubeba mdimu, akauingiza.

Hakukosa siku. Asubuhi nje, magharibi ndani. Malaria ikimshika alitambaa nao. Haukuzaa tena, lakini ulikua, ukawa wa kijani kibichi kisichopata vumbi hata kiangazi. Nyamizi aliona mpangaji wake ana akili kidogo za pembeni, ila kodi alilipa na kushona alijua, na wapweke wote huzungumza na kitu. Mwanne alizungumza na mdimu, asubuhi na magharibi, akitanguliza kikohozi chake kidogo. Alianza kwa kuutukana, kisha, siku zilivyokwenda, akawa anausimulia: nguo alizoshona, ndoto zake, Yasmini alivyokuwa mdogo, picha mpya ya Mwanajuma iliyokuja kwenye simu na vijimeno vyake viwili.

Yasmini mwanzoni alipiga simu kila wiki, kisha kila mwezi. Mwanzoni aliuliza atarudi lini, baadaye akaacha kuuliza. Akisema anakuja, Mwanne alikuwa na sababu: kuna kipindupindu huku, barabara imekatika, chumba kina siafu. "Umeniacha nikiwa na damu miguuni, mama," Yasmini alimwambia mara moja, kwa sauti iliyopoa kabisa. "Nikikusamehe, unanikimbia. Nimekukosea nini?" Mwanne alifungua mdomo amwambie yote. Kwa mara nyingine aibu ilimtangulia, akasema mtandao unasumbua, akakata.

Mwanajuma alikuwa na miaka miwili na nusu ilipokuja siku ya Jumamosi, jua limeshatua na adhana inamalizika. Mwanne alikuwa ndiyo kwanza ameingia, ndoo mikononi, mlango amerudishia kwa kisigino. Hakuwa ameitua. Akasikia basi linaondoka barabarani, akasikia hatua za watu wawili, nzito na nyepesi, zinakuja moja kwa moja upande wake.

"Hodi."

Aliijua sauti hiyo kabla haijatoka tumboni mwake.

"Hodi hapa. Mama, mwenye nyumba kasema uko ndani. Nimekuja, mama. Sikukupigia kwa sababu ungenizuia. Nimemleta mjukuu wako umwone, na kama hututaki utaniambia leo mbele yake, usoni, nijue."

Kisha sauti nyingine, ndogo, iliyofundishwa njiani: "Hodi, bibi."

Chumba kilikuwa na mlango mmoja, na walikuwa wamesimama kwenye huo. Mwanne, na mti kifuani, alijua kwamba hatimaye siku ya kusema ilikuwa imefika, kwamba maneno mawili tu, Yasmini, usiingie, yangetosha kuwaokoa, na yaliyobaki, maji na beseni na punda na uongo wa miaka miwili na nusu, angeyasema baadaye kupitia ubao wa mlango, magoti chini, hata kama mtaa mzima ungesikia, na hakuona aibu tena, hata chembe, aliona mapenzi tu na hofu. Akavuta pumzi, akafungua kinywa, na hakikutoka kitu. Wala kupumua hakukusikika. Akajaribu tena. Ilikuwa kama kuchota kwenye mtungi mtupu.

Na hapo kifuani kwake, katikati ya majani, karibu kabisa na kidevu chake, sauti yake mwenyewe ikaitikia, na kile kikohozi chake kidogo cha asubuhi na magharibi.

"Karibuni, wanangu. Karibuni ndani. Mwanajuma, njoo bibi akubebe."

Nje Yasmini akaanza kulia, kilio cha mtu aliyetua mzigo mkubwa. "Nilijua," alisema. "Nilijua mama yangu hawezi kunikataa." Mwanne alitikisa kichwa gizani, akatikisa, akautupia mgongo mlango kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, lakini mti ulikuwa umemvuta hatua moja mbele, na miguu haikumtii.

Mlango ukasukumwa. Mwanajuma ndiye aliyetangulia kuingia, mikono yote miwili ameinyoosha juu.